Mashine ya kukata nyasi imegoma katikati ya masika? Fanya haya

Morogoro. Mvua za masika zikikolea kati ya Machi na Mei, nyasi za Kingolwira hazimsubiri fundi. Wiki chache tu bila kukatwa, uwanja uliokuwa kama zulia unageuka pori dogo, na mashine ndiyo kwanza imegoma kuwaka.

Katika kata hii ya Manispaa ya Morogoro, pembeni mwa barabara kuu iendayo Dar es Salaam, nyumba na mashamba bado vinapakana. Kwa hiyo nyasi ndefu si suala la muonekano tu. Panya wanapata maficho, nyoka wanawafuata panya, na watoto wanacheza hapohapo.

Habari njema ni kwamba mashine si lazima. Ya kwanza ilibuniwa Uingereza na Edwin Budding mwaka 1830. Kabla ya hapo nyasi zilikatwa kwa mikono na kuliwa na mifugo, na njia zote mbili bado zinafanya kazi.

Kwanza, ikague mashine

Kabla ya kugusa kisu, chomoa waya wa plagi. Kama ni ya umeme, itoe kwenye soketi. Kisha angalia mambo manne:

1. Mafuta. Petroli iliyokaa miezi kwenye tangi huchacha na kuziba kabureta. Imwage, weka mpya. Mashine ikiwaka kisha ikazima baada ya sekunde chache, mara nyingi tatizo liko hapa.

2. Plagi. Ifungue. Ikiwa nyeusi au imelowa, isafishe na uikaushe.

3. Chujio la hewa. Likijaa vumbi, injini inakosa pumzi.

4. Kisu. Nyasi mbichi zilizosokotana chini zinaweza kukikwamisha. Ukiilaza mashine, hakikisha kabureta na chujio vinabaki upande wa juu, la sivyo oili itavuja kwenye chujio.

Ikikataa baada ya hapo, mpe fundi. Kuvuta kamba asubuhi nzima hakusaidii.

Fyekeo, rafiki wa zamani

Aliyesoma shule za msingi Tanzania anaijua fyekeo. Siri yake ni makali. Inoe kwa tupa kabla ya kuanza, na rudia kila unapoona nyasi zinalala badala ya kukatika. Fyekeo butu inamaliza nguvu na kuleta malengelenge.

Anza mapema jua halijawa kali. Tofauti na mashine, ambayo huzibwa na nyasi zilizolowa, fyekeo kali hukata vizuri nyasi zenye umande. Angalia tu usiteleze.

Usikate zote hadi chini siku moja. Majani ndiyo yanayotengeneza chakula cha mmea. Kanuni ya watunza bustani ni kutoondoa zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Nyasi za sentimita 30, kwa mfano, zishushe kwanza hadi 20, zipumzishe siku kadhaa, kisha endelea. Ukoka unavumilia zaidi kwa sababu unatambaa na kuchipua upya kutoka kwenye vikonyo vyake, lakini nao ukikwanguliwa ghafla unaacha mabaka ya njano.

Kama unamwita kijana wa kibarua, mwonyeshe mipaka na mkubaliane bei ya eneo zima kabla hajaanza. Malipo ya saa huzua ubishi.

Nyoka: hapa usifanye mzaha

Vaa gambuti na suruali ndefu. Pitisha fimbo ndefu kwanza, ondoa mawe, chupa na vipande vya waya. Anzia mlangoni kwenda nje, ili kilichojificha kikimbilie porini, si ndani ya nyumba. Watoto wakae mbali.

Shirika la Afya Duniani liliweka sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017. Mtu akiumwa, mtulize, vua pete na viatu, kiungo kilichoumwa kisitikisike, na mkimbize hospitali. Usichanje, usinyonye sumu, usifunge kamba ya kukaza, na usipoteze muda na jiwe la nyoka.

Mbuzi au kondoo?

Jirani mwenye mifugo anaweza kukusaidia bure. Ila kondoo ndiye mla nyasi hasa. Mbuzi anapenda majani ya vichaka, na akifunguliwa ataanza na maua yako. Si jambo la kushangaza: wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Rais Woodrow Wilson wa Marekani aliweka kondoo kwenye uwanja wa Ikulu yake. Mfunge mnyama kwa kamba, mhamishe mara kwa mara, na mwekee maji na kivuli.

Usichome, usipulizie ovyo

Moto unaonekana rahisi, hasa kiangazi kikifika. Lakini upepo ukigeuka, unafika kwa jirani kabla hujajaza ndoo. Ukishindwa kuudhibiti, piga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Dawa ya magugu inayoua kila jani itaua na ukoka. Ardhi inabaki wazi, na mvua inayofuata inaondoka na udongo.

Nyasi zilizokatwa ni mali

Usizitupe mtaroni, zitaziba maji. Zikusanye kwa reki, zianike, kisha zitandaze kwenye migomba au mbogamboga. Zinatunza unyevu na kuzuia magugu. Zisizo na uchafu wala dawa ni chakula cha ng'ombe wa jirani.

Mashine ikirudi kutoka kwa fundi, isipewe kazi ya pori zima. Fyeka kwanza, inua kisu hadi juu kabisa, kata polepole, kisha shusha kidogo wiki inayofuata. Na masika yakiisha, mwaga petroli iliyobaki, noa kisu na uihifadhi pakavu. Mvua za vuli zikianza mwishoni mwa mwaka, itakuwa tayari kuwaka.