Wazee Kumi na Wawili wa Geneva

Tarehe 13 Septemba 1541 mwanamageuzi wa kanisa Jean Calvin alirudi Geneva, mji uliokuwa umemfukuza miaka mitatu nyuma. Siku hiyo hiyo alisimama mbele ya Baraza la Mji akaomba jambo moja: iteuliwe kamati ya kuandika kanuni za kanisa. Kufikia tarehe 20 Novemba kanuni zilikuwa zimepitishwa. Zilitaja huduma nne: wachungaji, waalimu, wazee na mashemasi. Wachungaji na mashemasi watu waliwazoea. Wazee ndio waliouletea mji mambo mapya.

Walikuwa 12, wote watu wa kawaida wasiovaa joho, waliotoka katika mabaraza ya serikali ya mji: 2 kutoka Baraza Dogo, 4 kutoka Baraza la Sitini, 6 kutoka Baraza la Mia Mbili. Kanuni ziliagiza wachaguliwe kwa namna ambayo kila mtaa wa mji ungekuwa na mzee wake. Agizo hilo ndilo lililoipa kazi yao uzito. Mchungaji huwaona watu Jumapili wakiwa wamekaa na kutulia. Mzee anaishi nao kichochoroni, anasikia mlango ukibamizwa usiku, anajua ni nani hasemi na nani. Mwisho wa mwaka utumishi wao ulipimwa, na aliyefanya vyema aliachwa aendelee.

Kila Alhamisi waliketi pamoja na wachungaji katika baraza lililoitwa Konsistori. Mashauri yake yaliandikwa, na mengi yapo mpaka leo. Katika miaka ya mwanzo utamkuta mama mtu mzima akiulizwa kama anajua Sala ya Bwana kwa Kifaransa, kwa sababu alikuwa bado anasali kwa Kilatini alichofundishwa utotoni. Utawakuta mume na mke wasioelewana, ndugu wanaogombea urithi, kijana aliyeahidi ndoa kisha akakana, mcheza kamari, mtu asiyefika ibadani. Wapo waliotoka pale wamenyenyekea, wapo waliotoka na hasira, na sioni haja ya kuficha kwamba wazee wale mara nyingine waliingia mno katika maisha ya watu. Kucheza dansi kulitosha kumpeleka mtu mbele yao.

Lakini anayesoma mashauri yale kwa subira ataona kazi nyingine ikijirudia: kupatanisha. Ushirika Mtakatifu uliadhimishwa mara nne kwa mwaka, na haikufaa majirani wenye kinyongo waikaribie Meza ya Bwana pamoja. Basi wazee waliwaita wote wawili, wakawasikiliza, wakawaonya, na mara nyingi shauri liliishia kwa kupeana mikono. Mimi naamini hapo ndipo uzee wa kanisa ulipoonyesha sura yake bora.

Mwaka 1546 sheria iliwageukia wakubwa. Amblard Corne, kiongozi wa mji aliyekaa katika Konsistori hiyo hiyo, alikutwa amecheza dansi kwenye sherehe pamoja na Ami Perrin, mmoja wa vigogo wa Geneva. Corne alikubali kosa na adhabu. Perrin na ukoo wa mkewe walikasirika, na uhasama ukadumu miaka.

Swali zito lilibaki: nani mwenye haki ya kumzuia mtu asishiriki Meza ya Bwana, kanisa au serikali ya mji? Mkazi mmoja wa mji, Philibert Berthelier, alikuwa amezuiwa na Konsistori, lakini mwaka 1553 Baraza Dogo likamruhusu. Jumapili ya tarehe 3 Septemba Calvin alitangaza mimbarani kwamba hatampa sakramenti aliyezuiwa. Berthelier hakutokea. Ilifika Januari 1555 ndipo mabaraza yakathibitisha kwamba uamuzi huo ni wa Konsistori.

Mwanamageuzi wa Uskoti John Knox aliishi Geneva katika miaka hiyo ya hamsini, akaondoka 1559. Mwaka uliofuata yeye na wenzake waliandika kitabu cha nidhamu cha kanisa la Uskoti, na humo wazee wakapewa jukumu ambalo leo wengi wamelisahau: kumwangalia mchungaji mwenyewe, maisha yake, mafundisho yake na bidii yake ya kusoma, na kumwonya inapobidi. Uangalizi ukawa wa pande mbili. Huko Uskoti mshiriki alipewa kipande kidogo cha madini ya risasi kama kibali kabla ya Ushirika. Aliyekosa kipande hakukaribia Meza. Mzee alipaswa kuwajua watu wa eneo lake kabla ya vipande hivyo kugawiwa.

Mwaka 1898 wamisionari wa Uskoti walihamisha kituo chao kutoka Kibwezi hadi Thogoto, katika nchi ya Wakikuyu, na utaratibu wa wazee ukaja nao. Katika Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki mzee bado hukabidhiwa eneo na nyumba zake. Usharika unapojiandaa kuchagua wazee, usitazame kwanza nani ana gari au nani ana cheo kazini. Umtafute yule ambaye majirani wawili waliokosana wangekubali kuketi mbele yake, na ambaye hataogopa kumwambia mchungaji amekosea.