Mali na Daftari

Watu husifu ulimi wa mwenye kuuza, lakini aghalabu husahau mkono wa mwenye kutunza ghala. Ulimi huweza kuahidi vitu elfu kwa pumzi moja. Mkono hutoa kimoja kimoja. Tangu wafanyabiashara walipoanza kuwauzia malaki ya watu wasiowaona kwa macho, umbali uliopo kati ya ahadi na utoaji umekuwa chanzo cha hasara kubwa. Habari ya nyumba ya biashara ya Sears, Roebuck, ya mji wa Chicago huko Marekani, yatosha kuwa mfano.

Richard Sears alikuwa karani wa kituo cha reli katika jimbo la Minnesota. Mwaka 1886 shehena ya saa za mfukoni ilikataliwa na sonara aliyepelekewa. Sears akazichukua, akawauzia makarani wenzake wa vituo vingine, akapata faida. Mwaka uliofuata alihamia Chicago, akamwajiri fundi saa Alvah Roebuck, na kufika 1893 shirika lilikuwa likiitwa kwa majina ya wote wawili. Hawakuwa na duka la kuingia mnunuzi. Duka lao lilikuwa kitabu chenye picha na bei, kilichopelekwa kwa posta kwa wakulima waliokaa mbali na miji. Mwaka 1895 kitabu hicho kilikuwa na kurasa 532: viatu, majiko, samani, ala za muziki, matandiko ya farasi, bunduki na baiskeli. Mkulima alichagua, akaandika barua, akatia fedha, akangoja.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Sears alikuwa na kipaji cha kutunga matangazo, na barua zilimjia kama mvua ya masika. Ghala halikuweza kuzimeza. Barua moja iliweza kuomba viatu, jiko na zeze, na kila kimoja kilikaa mahali pake chini ya mikono mingine. Viatu vilipopatikana, jiko halikuonekana. Jiko lilipokuja, viatu vimekwisha kupewa mtu mwingine. Wengine walipelekewa vitu wasivyoagiza, wengine kitu kile kile zaidi ya mara moja, na wengine walingoja wakachoka. Vilivyorudishwa vilirundikana juu ya vile visivyokwisha kwenda. Msomaji asidhani haya ni mambo ya kuchekesha. Mkulima aliyeagiza koti akalipata baada ya majira ya baridi kupita, amelipia joto akapewa mzigo. Fedha yake ilitangulia, na imani yake ilikuwa ndani ya fedha ile. Nayo imani ikivunjika haiungwi kwa tangazo.

Julius Rosenwald, mfanyabiashara wa nguo aliyejiunga na shirika mwaka 1895, alitambua kuwa barua nyingi zisizotimizwa si utajiri bali ni deni. Mwaka 1906 shirika lilifungua jumba jipya upande wa magharibi wa Chicago, katika kiwanja cha eka 40, kwa gharama ya dola milioni 5. Reli ziliingia mpaka ndani. Mikanda ilichukua mizigo, mifereji iliteremsha vifurushi kutoka orofa za juu, na mabomba ya hewa yalirusha karatasi kutoka chumba hata chumba. Lakini siri haikuwa katika mashine. Siri ilikuwa katika ratiba iliyosimamiwa na Otto Doering, mkuu wa kazi. Barua za asubuhi zilipimwa kwa mizani, ili ukubwa wa kazi ya siku ukadiriwe mapema. Kila agizo lilipewa robo saa yake, na katika robo saa hiyo kila idara ilipaswa kuleta kitu chake mahali pa kufungia. Kilichochelewa hakikungojewa, kilipelekwa peke yake, na gharama ikaandikwa juu ya idara iliyochelewa. Uzembe ulipewa bei, na uzembe wenye bei huonekana daftarini. Kwa mpango huo nyumba iliweza kutimiza maagizo zaidi ya 100,000 kwa siku.

Walakini robo saa ile ilikuwa na wabebaji wake, wengi wao wasichana. Mwaka 1913 Rosenwald aliitwa mbele ya tume ya baraza la Illinois, akaulizwa juu ya ujira wa wafanyakazi wanawake. Haraka ya mnunuzi hulipwa na mtu fulani.

Ghala lina maswali mawili. La kwanza: kitu kiko wapi? La pili: kiwe kiasi gani? Jumba la 1906 lilijibu la kwanza. La pili lilikuja kudai jibu baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Bei zilikuwa juu, na shirika lilinunua kwa wingi. Mara bei za mazao zikaanguka mwaka 1920, na mkulima akafunga mkoba wake. Vitu vilikuwa mahali pake, vimepangwa, vimehesabiwa, na havina mnunuzi kwa bei iliyovileta. Mwaka 1921 hasara ilizidi dola milioni 16, na Rosenwald alilazimika kuweka mali yake mwenyewe, kiasi cha dola milioni 20, ili nyumba isianguke.

Mwaka 1924 aliingia Robert Wood, mwanajeshi aliyepata kusimamia vifaa katika ujenzi wa Mfereji wa Panama. Aliona katika takwimu kuwa wakulima wanahamia mijini, na waliobaki wananunua motokaa. Mwaka 1925 duka la kwanza likafunguliwa ndani ya jumba lile lile, na mengine yakafuata kwa mamia. Kila duka likawa ghala dogo lenye maswali yale yale mawili. Kitabu kikubwa kilikomeshwa mwaka 1993, na mwaka 2018 shirika lilikimbilia mahakamani kwa kulemewa na madeni. Sababu zilikuwa nyingi, wala si haki kuzitupa zote juu ya ghala.

Wazee walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Chicago yatuongezea neno: hata mali yenye daftari huweza kupotea, ikiwa daftari huandika kilichopo tu, wala haliulizi kinachohitajiwa.