Shosh, Usikae Tu

Mwaka wa 1990, jarida la madaktari la Marekani, JAMA, lilichapisha ripoti kutoka makao ya wazee mjini Boston. Maria Fiatarone na wenzake walikuwa wamechukua wazee 10, wa miaka 86 hadi 96, wakawapa mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu kwa wiki 8. Na si uzito wa mchezo: ulifika asilimia 80 ya kile ambacho kila mmoja angeweza kuinua.

Enzi hizo, mtu wa umri huo aliambiwa tu apumzike. Lakini wazee 9 waliomaliza mazoezi waliongeza nguvu za miguu kwa wastani wa asilimia 174. Wawili waliacha mkongojo. Hata kutembea kwa kufuatanisha kisigino na vidole, ambako mtu anayeyumba hukwama, walikufanya kwa kasi zaidi, karibu mara moja na nusu.

Mazoezi yalipokoma, wiki 4 tu zilitosha kuwapokonya karibu theluthi ya nguvu zao.

Hapo ndipo heshima yetu inapotutega. Shosh akitoka ushago, ambako alikuwa akilima na kuchota maji, akaja kukaa nasi Nairobi, tunamwambia: keti, tutakufanyia. Chai analetewa, viatu anavuliwa. Tunadhani tunampumzisha, kumbe tunamnyang'anya miguu. Siku akianguka bafuni, tunalaumu uzee.

Mwache ainuke kitini mwenyewe, mara kadhaa kila siku, wewe ukiwa karibu. Chai ataifuata jikoni.