Waliopotea Angani: Wahudumu wa Misaada wa Machi 2019 na Historia ya Kujitolea katika Kitui na Makueni

Katika historia ya Ukambani, nchi ya Wakamba ambayo leo imegawanyika hasa katika kaunti za Machakos, Makueni na Kitui, miaka ya ukame ilihifadhiwa kwa majina zaidi kuliko kwa tarakimu, na kila njaa kubwa, iitwayo yua kwa Kikamba, ilipewa jina lake. Ngomanisye ya 1898 na 1899 ingali inatajwa kwa hofu, ilhali njaa ya 1961 iliitwa Yua ya Ndeke, yaani njaa ya ndege, kwa kuwa chakula cha msaada kilifikishwa kwa ndege wakati ukame ulipofuatwa na mafuriko. Kwa hiyo ndege iliingia mapema katika kumbukumbu za wenyeji, nayo iliingia kama chombo cha uokozi.

Hata hivyo, msaada kutoka nje haukuwakuta watu wakiwa wamekaa tu. Ulikuwepo mwethya, kikundi cha majirani wanaofanya kazi kwa zamu katika shamba au boma la kila mmoja wao bila malipo ya fedha, ambao serikali ya kikoloni iliugeuza katika miaka ya 1940 na 1950 kuwa nguvukazi ya kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, na ambao baada ya uhuru ulirejea mikononi mwa wanakijiji wenyewe, wengi wao wakiwa wanawake. Vikundi hivyo ndivyo vilivyojenga mabwawa ya mchanga, yaani kuta za mawe na saruji zinazokinga mito ya msimu ili mchanga urundikane nyuma yake na kuhifadhi maji yasikaushwe na jua. Katika Kitui, kazi hiyo ilienezwa tangu miaka ya 1990 na Wakfu wa SASOL. Wanakijiji walitoa mawe, mchanga na jasho, na wafadhili wakatoa saruji na mafundi. Katika mpango huohuo wa kushirikiana, Shirika la Misaada la Kikatoliki (CRS) lilifanya kazi na Dayosisi ya Kitui, na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) liligawa chakula au fedha katika kaunti zote mbili kwa familia zilizochimba vidimbwi na matuta.

Mashirika hayo mawili yalipata msiba mmoja tarehe 10 Machi 2019. Siku hiyo, ndege ya Ethiopian Airlines ya safari namba 302, aina ya Boeing 737 MAX 8, iliondoka Addis Ababa saa 2:38 asubuhi kuelekea Nairobi, na baada ya dakika 6 ilianguka karibu na Bishoftu, ikaua watu wote 157 waliokuwamo, wakiwemo Wakenya 32, idadi kubwa kuliko ya taifa lingine lolote. Mfumo wa kompyuta uliokusudiwa kusawazisha ndege ulipokea taarifa potofu kutoka kwenye kihisi kimoja, ukawa unaisukuma pua chini mara kwa mara, kama ulivyofanya katika ndege ya Lion Air iliyoua watu 189 nchini Indonesia mwezi Oktoba 2018. Kwamba ndege za aina hiyo ziliachwa kuruka baada ya ajali ya kwanza ni kosa lisilo na udhuru.

WFP ilipoteza wafanyakazi 7. CRS ilipoteza Waethiopia 4 waliokuwa wakienda Nairobi kwa mafunzo. Paolo Dieci, rais wa shirika la Kiitalia la CISP, alikuwa ndani, na vivyo hivyo wanachama watatu wa Africa Tremila, chama kidogo cha hiari cha Bergamo, Italia, akiwemo rais wake Carlo Spini, daktari mstaafu aliyesafiri pamoja na mkewe. Ni haki kutenganisha hali zao, kwa sababu mfanyakazi wa shirika la Umoja wa Mataifa kama WFP hulipwa mshahara, ilhali wanachama wa Africa Tremila walikuwa watu wa kujitolea. Lakini mauti hayakuwatenganisha, na wote walikuwa katika kazi ya kuwahudumia watu wasiowajua.

Kwa kuwa miili haikuweza kutambuliwa upesi, familia zilipewa udongo wa mahali pa ajali, na katika mazishi ya Addis Ababa ya tarehe 17 Machi majeneza yalikuwa matupu. Kwa jamii za Afrika Mashariki, ambamo kaburi la nyumbani huonyesha mtu ni wa wapi, hilo lilikuwa jeraha juu ya jeraha.

Hakuna kumbukumbu inayopaswa kudai kwamba marehemu hao walijenga bwawa fulani la mto Kaiti au Nzeeu. Dai lililo sahihi ni pungufu kuliko hilo, nalo lina uzito: mashirika yaliyoshirikiana na mwethya yanaundwa na watu wanaosafiri, na baadhi yao hawakufika. Kuta za mabwawa mara nyingi huandikwa jina la kikundi, mwaka na mfadhili, lakini watu wenyewe, wa kijijini na wa kutoka mbali, hawaandikwi. Maktaba na idara za utamaduni za Kitui na Makueni zianze kukusanya majina hayo sasa, wakati wazee waliobeba mawe na maafisa waliofanya kazi nao wangali hai, na waliofariki katika ndege ya 2019 wawekwe katika orodha hiyohiyo.