Daktari wa ndege alijua kuhusu hiyo Velo yako

Beshte yangu ameshalipa deposti Kilimani, anatolewa ngozi ya tumbo iliyolegea. Juzi kwa mat kutoka tao akaweka Velo mdomoni, akaniambia, "Hii si fegi, haina moshi."

Manze, turudi nyuma kidogo. 1957, madaktari watatu wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha madaktari wa ndege, hiyo Amref unayoiona pale Wilson. Rees alikuwa wa New York. 1984, yeye na wenzake walichapisha utafiti wa watu waliokazwa ngozi ya uso: kwa wavutaji, hatari ya ngozi kufa ilikuwa mara 12 hivi zaidi.

Sababu? Nikotini hubana mishipa midogo ya damu. Ngozi iliyokatwa ikavutwa tayari inapata damu kidogo. Ukibana tena, inakosa oksijeni, inageuka nyeusi, kidonda kinakataa kufunga. Moshi una sumu zake, sawa, lakini nikotini ni nikotini.

Madaktari wengi huomba uache kama wiki 4 kabla na 4 baada. Chuo niliacha, lakini kusoma sikuacha. Nimemwambia: usimfiche daktari. Na kama Velo haiachiki, songesha tarehe.