Deni la Neno Kitabu

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, mwanachuo mmoja alisimama akaniuliza: "Mwalimu, kama kitabu ni neno la Kiarabu, kwa nini tunasema vitabu? Je, hatuliharibu?" Nilimjibu kwa ukali kwamba hiyo ndiyo kanuni, basi. Wenzake wakacheka, naye akaketi. Jibu lenyewe nililipata baada ya kustaafu, nilipokuwa nikisoma habari za lugha za India.

Huko wasemao Kihindi huita kitabu pustak. Neno hilo wamelichukua katika Kisanskriti, lugha ya kale ya dini na elimu. Wanasarufi wao huyagawa maneno ya asili hiyo mafungu mawili. Kuna tatsama, maana yake "sawa na lile", yaani lililochukuliwa kama lilivyoandikwa. Na kuna tadbhava, "lililotokana na lile", yaani lililolainika vinywani mwa watu karne kwa karne. Pustak ni la fungu la kwanza. Nduguye wa fungu la pili ni pothi.

Ungedhani basi kwamba pustak limebaki vile vile. Sivyo. Kisanskriti kina jinsia tatu za maneno: ya kiume, ya kike, na isiyo hii wala ile. Pustakam kwa kawaida lilikuwa katika hiyo ya tatu. Kihindi kina mbili tu. Mgeni alipobisha hodi hakukuta chumba chake. Akaacha kiishio chake -am mlangoni, akaingia upande wa kike. Ndiyo maana husemwa nayi pustak, kitabu kipya, wala si naya pustak. Na vikiwa vingi ni pustaken. Hata kitab, ambalo kwa Waarabu ni la kiume, lilipofika katika Kihindi likawa la kike.

Tena Kisanskriti chenyewe hakikuwa mwenye mali wa kwanza. Wataalamu wengi huona kwamba kiliazima neno hilo katika lugha za Iran, ambako post ni ngozi, na zamani ngozi iliandikiwa.

Nasi tulifanya mamoja. Waarabu husema kitab na kutub. Sisi tulisikia ki-, tukaleta vi-. Hatukuliharibu neno, tulilipa uraia.

Kijana yule aliuliza kama mwanazuoni, nami nikamjibu kama askari. Leo ni mtu mzima, huenda naye ana wanafunzi. Akiyasoma haya, ajue kwamba mwalimu wake amelipa deni, ingawa kwa kuchelewa.