Risasi ya Kumpiga Nsya: Mwindaji na Sheria katika Historia Yetu

Tunaposoma historia ya uwindaji katika Afrika ya Mashariki, mara nyingi tunasimuliwa habari za tembo, simba na faru. Lakini watu wetu wengi waliwinda ili wapate kitoweo, na kitoweo hicho kilikuwa mnyama mdogo: digidigi wa kilo tano hivi, nsya, taya au pongo. Katika insha hii nitaeleza jinsi mwindaji alivyochagua risasi ya kumpiga mnyama wa aina hiyo, kisha nitaonyesha jinsi sheria za wakoloni zilivyomnyang'anya mwindaji Mwafrika uchaguzi huo.

Tuanze na gobore. Katika karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili kutoka pwani walifikisha bunduki Buganda pamoja na nguo na shanga. Gobore hushindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu. Mwenye gobore aliweza kutia golori moja ya madini ya risasi, iliyomfaa mnyama mwenye mwili, au marisau, yaani punje nyingi ndogo, zilizofaa kwa ndege, sungura na paa. Golori hupoteza shabaha upesi kwa sababu mtutu wa gobore hauna mifereji ya kuizungusha, na marisau hutawanyika na kuishiwa nguvu. Kwa hiyo mwindaji alilazimika kunyemelea mpaka karibu sana. Akikosa mara ya kwanza, mnyama alikwenda zake kabla bunduki haijashindiliwa tena.

Mwishoni mwa karne hiyo mambo yalibadilika. Mwaka 1888 jeshi la Uingereza lilianza kutumia bunduki ya inchi .303, yaani karibu milimita 7.7. Risasi yake ilikuwa nyembamba na ya kasi, nayo ilivikwa ganda la metali. Hapo ndipo wawindaji walipopata aina mbili za kuchagua. Risasi ngumu imevikwa ganda mpaka ncha, hupenya bila kubadilika umbo. Risasi laini ina ncha iliyoachwa wazi, nayo ikigonga mwili hutanuka kama uyoga. Risasi za namna hii zilitengenezwa kwa ajili ya vita katika kiwanda cha Dum Dum, karibu na Calcutta. Tamko la The Hague la mwaka 1899 lilizikataza vitani kati ya mataifa yaliyolikubali, lakini halikugusa uwindaji.

Mnyama wa wastani kama tohe huuawa vizuri na risasi laini, kwa sababu humwangusha haraka. Lakini nsya akipigwa bega kwa risasi hiyohiyo ya kasi, nyama ya bega huharibika na ngozi huchanika. Ndiyo maana wawindaji wengi walimpiga mnyama mdogo kwa risasi ngumu, ileile inayohitajika kupenya mfupa wa tembo. Hutoboa tundu dogo na kuacha nyama salama. Hata hivyo ina masharti yake. Hupita mwilini na kuendelea, hivyo mpigaji lazima atazame kuna nini nyuma ya mnyama. Tena lazima ilenge moyo au mapafu, la sivyo mnyama hukimbia na jeraha akafie kichakani.

Mfano mmoja uko hapa kwetu Uganda. Mskoti W. D. M. Bell aliwinda tembo Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20. Wenzake walibeba bunduki nzito zenye risasi ya gramu 31 au zaidi. Yeye aliua sehemu kubwa ya tembo wake zaidi ya 1,000 kwa bunduki nyepesi ya milimita 7, yenye risasi ngumu ya gramu 11 hivi. Alitegemea shabaha na kujua viungo vya mnyama. Bunduki ya namna hiyo ingeweza pia kumwangusha paa wa chakula cha wapagazi bila kumpasua.

Je, Mwafrika alikuwa na uchaguzi huo? Hapana. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuuzwa katika sehemu kubwa ya Afrika. Alichoruhusiwa kuuziwa mwenyeji ni gobore la jiwe na baruti ya kawaida. Mwaka 1900 mkutano wa London ukapendekeza leseni za uwindaji, na pia kuzuiwa kwa nyavu na mashimo, ambazo ndizo zilikuwa njia za wenyeji. Mwenye nguvu mpishe! Aliyehitaji nyama kuliko wote aliachiwa bunduki inayojeruhi kirahisi, kisha akalaumiwa kwamba anawinda kikatili.

Kwa maoni yangu, hatuwezi kueleza historia ya ujangili bila kueleza historia hii. Sipingi kuhifadhi wanyama. Sheria za kuwalinda zinahitajika. Ila naona kwamba watu wawili waliweza kumpiga nsya mmoja katika pori moja. Aliyekuwa na leseni na risasi ngumu aliitwa mwindaji. Aliyekuwa na gobore na watoto wenye njaa nyumbani aliitwa jangili. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunapoyatumia maneno hayo mawili, tukumbuke nani aliyagawa.